Uliza Fundi: Bao la simu lisilo na seva, na daftari lisilofutika

Toleo lililopita niliandika aya chache tu kuhusu Scuttlebutt, ule mtandao wa meseji usio na seva ya kati, simu yako inaongea na simu ya rafiki yako moja kwa moja na zikikutana zinapeana habari za wengine. Nilidhani watu wawili watatu wataulizia, kumbe meseji zimejaa, na wengi hata hamuulizi hiki kitu ni nini, mnauliza "nataka kujenga apu juu yake, naanzaje". Nimefurahi sana kwa kweli. Nafasi yote ya mwezi huu naiweka hapo, maswali ya betri na chaji yatasubiri.

Shikamoo dada. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta mwaka wa pili, nipo Mwanza. Babu yangu yupo Pangani na anacheza bao kila jioni, mimi nilijifunzia kwake. Nataka nitengeneze apu tucheze mimi na yeye lakini sina hela ya kulipia seva kila mwezi na kwao mtandao ni wa kubahatisha. Scuttlebutt itanifaa?
*Msomaji, Mwanza*

Marahaba mdogo wangu, na babu mpe salamu zangu.

Itakufaa, tena umechagua mchezo unaoendana nao kuliko ulivyofikiria mwenyewe. Ila kwanza tuelewane mtandao wenyewe unafanyaje kazi maana ukikosea hapa apu yote itakusumbua.

Scuttlebutt aliianzisha Dominic Tarr mwaka 2014, jamaa wa New Zealand aliyekuwa anaishi kwenye mashua ya tanga, leo intaneti ipo kesho haipo, ndo akatengeneza kitu cha mtu wa hali yake. Jina ni la mabaharia, lilikuwa pipa la maji ya kunywa melini, watu wakienda kuchota ndo wanapeana habari, sawasawa na kisimani kwetu. Na mtandao unaenda hivyo hivyo. Kila mtu ana jozi ya funguo, mmoja wa siri na mmoja wa wazi, ule wa wazi ndo jina lako humo, hakuna namba ya simu, hakuna imeli, hakuna ofisi ya kukusajili. Alafu kila mtu ana daftari lake. Unaandika mstari mmoja baada ya mwingine, hufuti, huchomeki kitu katikati. Kila meseji ina namba yake, ina hashi ya meseji iliyotangulia (alama fupi inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi, herufi moja ikibadilika nayo inabadilika) na ina saini yako, inayopigwa kwa ule ufunguo wa siri. Chukulia daftari la mkopo dukani kwa Mangi ambalo kila mstari mpya lazima uanze kwa kunakili muhuri wa mstari wa juu yake, mtu akichana ukurasa wa katikati inajulikana palepale. Ukimfuata mtu, simu yako inatunza nakala ya daftari lake, na kwa kawaida na la marafiki zake pia. Simu mbili zikikutana zinaulizana tu, wa fulani umefika namba ngapi, mimi 210, mimi 214, haya shika hizi nne. Imeisha.

Sasa bao. Bao halina dadu, halina karata za kuficha, kete zote 64 ziko wazi mbele ya macho ya wote. Kwa hiyo huhitaji kutuma picha ya ubao wala hesabu ya kete kila shimo, unatuma hatua tu na simu ya babu inacheza upya mchezo wote kuanzia mwanzo, kwa kila mchezaji lile shimo kuu linaloitwa nyumba lina kete sita, mbili na mbili pembeni, 22 mkononi, inafika kwenye ubao uleule ulio kwako. Hatua moja ni kitu kidogo kama hiki:

{ "type": "bao-hatua", "mchezo": "%hashi-ya-mwaliko", "baada": "%hashi-ya-hatua-iliyopita", "shimo": 5, "upande": "kulia", "safari": false }

"type" ndo inayoambia apu hii meseji ni ya nani, maana daftari ni moja lakini apu ni nyingi, apu ya soga ikiona "bao-hatua" inaipita tu. Hilo ndo linanipendeza zaidi kwenye mtandao huu, babu akishakuwa na marafiki zake humo kwa ajili ya kusalimiana huna haja ya kumfungulia akaunti nyingine ya bao, ni daftari lilelile na watu walewale. "safari" ni kwa ajili ya nyumba, inasafiri au inabaki, maana hapo mchezaji anaamua mwenyewe na simu haiwezi kukisia. Ukubwa usikupe presha, meseji moja mwisho wake ni kilobaiti 8 na hatua yako haifiki hata moja.

Hiyo "baada" usiisahau hata kidogo. Wengi wanapanga hatua kwa kufuata saa iliyoandikwa kwenye meseji, na saa hiyo ni ya simu ya mwandishi, simu ya mzee betri ikiisha ikawaka na tarehe ya miaka iliyopita mchezo wote unapanguka. Fuata mnyororo wa hashi, saa iwe ya kuonyesha tu kwa macho. Na sheria za mchezo zikaguliwe na kila simu yenyewe, hatua ikija na haiwezekani kisheria, mfano mtu anakataa kula wakati ana cha kula, apu iikatae na iseme, hamna refa mwingine.

Kuhusu kufika. Nyinyi wawili msipokuwa hewani muda mmoja mnahitaji mtu wa kati anayewafuata wote. Anaweza kuwa mjomba. Mjomba akilala Pangani simu yake ikashika waifai moja na ya babu inabeba hatua za babu, akipanda basi akafika Mwanza akaingia kwenye waifai yako, hatua zinashuka, na hawezi kubadilisha hata herufi kwa sababu saini ni ya babu. Mkitaka haraka zaidi kuna mashine zinaitwa pabu, ni mwanachama kama nyinyi tu ila yuko hewani saa zote na ana anwani inayofikika, anatunza nakala. Na kuna rumu, hiyo haitunzi kitu, inawaunganisha tu wawili mlio hewani. Pabu moja ndogo ukoo mzima mnaitumia, na siku ikifa hakuna kilichopotea maana madaftari yako kwenye simu zenu.

Watu walishatengeneza chesi juu ya mtandao huu, inaitwa ssb-chess, kaisome ilivyoandikwa kabla hujaanza. Na ukiwa unajaribu usijaribie kwenye mtandao wa watu. Kuna ufunguo wa mtandao wa baiti 32, ukiubadilisha ukaweka wako simu zako za majaribio haziwezi hata kupeana mikono na za wengine. Fanya hivyo tangu siku ya kwanza, takataka za majaribio zikiingia kwenye madaftari ya watu hazitoki.

Dada, simu yangu ilianguka ikafa kioo, nikanunua nyingine, nikarudisha bakapu ya wiki mbili nyuma ikiwa na ufunguo wangu. Ikawaka vizuri, nikaandika "nimerudi jamani". Tangu siku hiyo hakuna anayeniona. Mimi nawaona wao wananiulizia nilipo. Nimekosea wapi?
*Fundi simu, Mombasa*

Pole sana kaka, hili nalijua kwa maumivu. Mimi nililifanya kwa kutumia ufunguo mmoja kwenye laptopu na kwenye simu, nikaandika kidogo huku kidogo kule, jioni moja nikapoteza jina nililokuwa nalo muda mrefu.

Angalia kilichotokea. Kabla simu haijafa daftari lako tuseme lilifika meseji ya 340 na marafiki wanayo mpaka hapo. Bakapu yako imeishia 325. Ukaandika "nimerudi jamani", simu ikaipa namba 326. Lakini marafiki tayari wana 326 yako nyingine yenye maneno mengine na saini yako halali. Sasa kuna 326 mbili, zote ni zako, zote zimeshika 325. Mtandao hauna namna ya kujua ipi ya kweli, na hautakiwi kujua, kwa sababu mtu mwenye kalamu mbili za namna hiyo ndo huyohuyo angeweza kumwonyesha babu hatua moja na kumwonyesha mjukuu nyingine. Kwa hiyo simu zao zinashikilia walichokuwa nacho na zinakataa mengine. Daftari limegawanyika na kuliunga haiwezekani. Fungua jina jipya, alafu waombe marafiki wawatangazie wengine kuwa huyu ndo yeye.

Njia salama ni hii: unarudisha ufunguo peke yake, HUANDIKI CHOCHOTE, hata laiki, maana laiki nayo ni meseji. Unaungana na marafiki, unawaacha wakurudishie daftari lako mwenyewe mpaka 340, ndo unaandika 341. Na nyinyi mnaojenga apu nawaomba sana hili msimwachie mtumiaji akumbuke. Mtu akirudisha ufunguo fungeni kitufe cha kuandika, onyesheni "tunasubiri daftari lako lirudi, tumepata 212", mkifungue baada ya kukutana na marafiki kadhaa na namba ikawa haipandi tena. Jambo hili linaliza watu. Na kwa simu na laptopu, kila kifaa kiwe na ufunguo wake basi.

Habari yako dada. Mimi ni katibu wa chama chetu, tuko akina mama ishirini na wawili. Kijana wangu anasema anaweza kututengenezea apu ya aina hii tuandike michango na mikopo ili daftari lisikae kwa mtu mmoja. Je, pesa zetu zitakuwa salama? Na mtu akitoka kwenye chama tunafutaje habari zake?
*Katibu wa chama, Nairobi*

Salama mama. Nimelipenda wazo la kijana na nitakwambia kitakachofaa na kisichofaa.

Pesa zenyewe ziacheni zilipo, M-Pesa au benki. Mtandao huu hauna mahali ambapo wote mnakubaliana kwa wakati mmoja salio ni kiasi gani. Mweka hazina akiwa Nairobi na msaidizi wake akiwa Machakos bila mtandao, kila mmoja anaweza kuidhinisha mkopo wa hela ileile, na yote mawili yatafika kwenu yakiwa na saini halali. Apu haiwezi kuzuia hilo, inaweza kuwaonyesha tu kwamba limetokea. Kwa hiyo isiwe mahali pa kutoa ruhusa ya mwisho.

Kumbukumbu ndo mahali pake. Mweka hazina anaandika kwenye daftari lake "nimepokea 500 kutoka kwa mama fulani, mwezi wa tatu", na yule mama kwenye simu yake anaandika kwenye daftari lake yeye "nathibitisha", ikiwa imeshika hashi ya ile risiti. Maandishi mawili, saini mbili, na nakala ziko kwenye simu zote ishirini na mbili. Baada ya miaka miwili mtu akisema nililipa, mnafungua mnaona, na hakuna aliyeweza kwenda usiku kubadilisha 500 ikawa 300. Mwambie kijana apu ionyeshe kwa rangi tofauti risiti ambazo bado hazijathibitishwa na upande wa pili, hizo ndo mtakazojadili mkikaa kikao. Na ikitokea makosa mnaandika meseji ya kusahihisha inayoishika ile ya zamani, ile ya zamani inabaki.

Kufuta sasa. Hakuna kufuta mama yangu. Apu inaweza kuficha isionekane kwenye skrini, lakini iliyokwisha kufika kwenye simu ya mtu imefika. Kwa sababu hiyo namba za kitambulisho, namba za simu na sababu za mtu kuomba mkopo (mara nyingi ni ugonjwa) zisiingie kabisa kwenye meseji ya kawaida. Kuna meseji za siri zinazofungwa ili wasomaji mliowachagua tu wazifungue, ila na hizo zinakaa kwenye madaftari ya watu, zimefungwa, siku ufunguo wa mmoja wenu ukiibiwa alizotumiwa zinasomeka zote za nyuma. Picha zinakaa nje ya daftari na simu inaweza kuzitupa, lakini usitegemee kwamba kila simu itatupa. Mimi ningeweka jina la utani, kiasi na mwezi, basi.

Dada, huku tulizimiwa intaneti Januari 2021 wakati wa uchaguzi, karibu siku tano. Apu ikijengwa hivi itafanya kazi siku kama hizo?
*Msomaji, Kampala*

Nakumbuka siku hizo, na Tanzania nayo intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi tarehe 29 Oktoba 2025 ikakaa siku kadhaa, mtu hajui mama yake yuko salama au la. Swali lako haliko mbali na mtu yeyote anayesoma hapa.

Ndani ya waifai moja inafanya kazi bila intaneti kabisa. Simu inapiga kelele kwenye waifai kila sekunde moja kwamba mimi nipo, mlango 8008, mwenzake akisikia wanaunganika. Nililijaribu mezani kwangu na ruta ambayo waya wa nje nimeuchomoa, simu mbili, naandika huku, naweka simu chini, nageuka kuangalia ya pili meseji ishafika. Ila jaribu la kwanza lilikataa na nikahangaika nusu siku kabla sijaona kosa: ruta ilikuwa kwenye hali ya wageni, ile inayozuia kifaa kuona kifaa kingine. Waifai nyingi za mahoteli na migahawa ziko hivyo, kwa hiyo mtu akikuambia apu yako haifanyi kazi muulize hilo kwanza.

Umbali mrefu bila intaneti ni miguu ya watu tu, kama yule mjomba wa Pangani. Na kama shida ni familia kupata habari sasa hivi na huna muda wa kujenga kitu, wekeni Briar kwenye simu za Android, inapita kwenye bluetooth na waifai, na intaneti ikiwepo inapita kwenye Tor, mtandao unaoficha nani anaongea na nani. Wekeni mapema na muongezane mapema, siku mtandao ukishazimwa hata kuipakua itakuwa kazi.

Mambo dada. Naandika kwa Python, sitaki kutumia maktaba ya JavaScript. Saini zangu zinapita vizuri alafu ghafla meseji moja inakataliwa na wenzangu, nyingine inapita. Nimekagua ufunguo mara kumi.
*Msomaji, Arusha*

Poa kaka. Ufunguo wako hauna shida, nina uhakika meseji zinazokataa zina imoji au herufi yenye alama juu.

Saini ya Ed25519, ndo aina ya saini inayotumika Scuttlebutt, haipigwi kwenye maana ya meseji, inapigwa kwenye maandishi yenyewe herufi kwa herufi, na maandishi hayo ni JSON (ule mtindo wa mabano na nukta mbili wa hatua ya bao hapo juu) jinsi JavaScript inavyoyaandika: nafasi mbili za kuingia ndani, kila kitu mstari wake, mpangilio wa sehemu ubaki kama mwandishi alivyouweka. Python kwa kawaida yake inageuza imoji kuwa \u na tarakimu, JavaScript inaiacha ilivyo, maandishi yanakuwa mawili tofauti na saini inaanguka. Weka ensure_ascii=False na indent=2. Usipange sehemu kwa alfabeti. Saini inapigwa kabla sehemu ya "signature" haijaongezwa, hashi inapigwa baada ya kuongezwa. Na mtego wa mwisho ambao ulinila wikiendi nzima: saini inasoma maandishi kama UTF-8, lakini hashi inachukua baiti ya chini tu ya kila kipande cha UTF-16 (hizo ni njia mbili tofauti za kugeuza herufi kuwa baiti). Maneno ya kawaida hutaona tofauti, weka moyo mwekundu mmoja uone. Tengeneza meseji za majaribio zenye imoji kabla hujaandika kitu kingine chochote.

Kwanini usituambie tu twende Nostr, si ndo ina watu?
*Msomaji, Dar*

Ni swali zuri na sina ugomvi na Nostr, ule mtandao mwingine wa meseji. Ilianza 2020, nayo jina lako ni ufunguo na kila meseji ina saini, ila meseji zinapita kwenye mashine za kati zinazoitwa rilei, unatuma kwa kadhaa, ikifa moja zipo nyingine. Hakuna mnyororo wa daftari, kila meseji inajitegemea, kwa hiyo simu na laptopu zinaweza kutumia ufunguo mmoja bila janga la fundi wa Mombasa. Kujenga ni rahisi zaidi, mtu anaweza kuwa na kitu kinachofanya kazi wikiendi moja. Kama watumiaji wako wana intaneti muda wote nenda huko. Kama ni babu wa Pangani, rilei haimfikii.

Na ya watu ni kweli. Patchwork, apu ya kompyuta ambayo wengi wetu tuliingilia nayo Scuttlebutt, haiendelezwi tena. Ukijenga leo usijenge ukitegemea umati wa kukusubiri humo, jenga kwa ajili ya ukoo, chama, darasa, kijiwe, watu ambao tayari wanafahamiana na wanakutana uso kwa uso. Yule wa Mwanza watu wake ni wawili na mjomba, na ufunguo wa mtandao wao wenyewe. Mdogo wangu, ukifika kwenye hatua ya kumtumia babu kete ya kwanza niandikie ilichukua siku ngapi kufika, nitaichapa hapa.